Mikrismasi Miwili: Namna ya Kulinganisha Msindano na Mmea wa Jamii ya Mikunde

Hapa Dodoma ukitaja mkrismasi, anayekusikiliza anaweza kuuona moyoni mti wowote kati ya miwili. Kuna ule wa maua mekundu unaotanda kando ya barabara zetu, unaochanua kuanzia Novemba watu wakiwa wanatazama mawingu. Na kuna ule wa kijani mwaka mzima, uliochongoka kuelekea juu, ambao tawi lake hukatwa Desemba likapambwa sebuleni. Sikukuu ndiyo iliyoipa jina moja, undugu haina. Wa kwanza ni ukoo mmoja na kunde, karanga na mbaazi. Wa pili haujawahi kutoa ua tangu dunia iumbwe.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na nyuma ya nyumba yangu Ilazo nina kitalu cha miche kilichoanza kama somo la vitendo kikageuka kuwa kazi yangu ya jioni. Miaka kadhaa iliyopita mzee wa kanisa mmoja alinipigia simu. "Mbukwa mwalimu. Naomba mikrismasi kumi na miwili, tuipange safu mbili kutoka getini mpaka mlangoni." Nikampelekea miche kumi na miwili mizuri, imefika magotini. Mwaka wa pili, mwezi wa Agosti, akapiga tena, sauti imemshuka. "Mwalimu, ile miti yako imekufa yote. Vijana wameshaanza kuikata."

Nilichukua bodaboda nikaenda. Nilikuta minne imeshalala chini. Wa tano nikaukwangua gome kwa ukucha, na chini yake palikuwa na kijani kibichi chenye unyevu. Mti ulikuwa mzima kabisa. Ulikuwa umepukutisha majani kama unavyofanya kila kiangazi, kwa sababu nilikuwa nimempelekea mkrismasi wa maua, naye moyoni alikuwa na ule wa kijani. Mzee hakuwa na kosa. Mimi ndiye niliyepaswa kumuuliza.

Tangu siku ile nawafundisha wanafunzi wangu kuilinganisha mimea hii miwili hatua kwa hatua, kwa mikono yao, kabla hawajafungua daftari. Nayaandika hapa kwa ajili ya mwanafunzi, mzazi anayemsaidia mtoto wake jioni, na kila mwenye kitalu anayeuza mti kwa jina tu.

Tuelewane majina

Mti wa koni (kile kishada kigumu cha magamba kinachobeba mbegu) nitakaoutumia zaidi ni msindano, ambao wauza mbao wanauita paini. Aina inayopandwa sana kwetu ni Pinus patula, asili yake Meksiko. Mwenzake wa koni ni saipresi, ambayo nayo ilitoka Meksiko na nchi za jirani zake, na hiyo ndiyo inayoonekana zaidi kwenye nyua za makanisa na nyumba za zamani hapa mjini. Kwa upande wa mikunde nitatumia mimea miwili: mkrismasi wa maua, Delonix regia, mgeni wetu kutoka Madagaska, na kunde, Vigna unguiculata, ambayo ni ya Afrika hii hii. Kunde naiongeza kwa sababu unaweza kuing'oa nzima na kuiweka juu ya sahani, mizizi, ua, ganda na yote. Mkrismasi huwezi kuung'oa, na hata ungeweza, mizizi yake ingekudanganya, kama nitakavyoeleza.

Kukusanya

Kunde ni rahisi. Ukipanda mvua za Desemba zinapoanza, mwishoni mwa Januari hadi Machi utakuwa na mmea wenye maua na maganda kwa pamoja. Ng'oa asubuhi baada ya kumwagilia, na uchimbe kwa jembe dogo. Ukivuta kwa nguvu mizizi inabaki ardhini, na mizizi ndiyo nusu ya somo.

Ganda la mkrismasi liokote kiangazi chini ya mti, au ulichume likiwa linaning'inia kwenye tawi tupu. Watoto wanalijua, wanalitikisa kama kayamba. Ua lake lisubiri Novemba na Desemba.

Msindano ndio wenye kazi. Dodoma mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600 katika miaka mingi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo huo si mti wa kuukuta njiani. Unapenda baridi ya nyanda za juu. Shamba kubwa la miti la Serikali kuliko yote nchini, Sao Hill, liko Mufindi, na ukipita Mafinga utaiona misindano imepangwa kama askari hadi upeo wa macho. Mimi huagiza koni kwa jamaa wa huko. Zinakuja ndani ya kiroba kwa basi linalopita Iringa na Mtera. Mwombe akuchanganyie: koni zilizofungwa, zilizofunguka, na kama ni msimu wake, tawi lenye vile vikoni vidogo vya njano vya kiume. Usipopata kabisa, tumia saipresi ya jirani, lakini omba ruhusa kwanza.

Mengine ni wembe, sahani nyeupe, karatasi nyeusi, na kioo cha kukuzia.

Anza na mbegu

Wengi huanza na majani kwa sababu ndiyo yanayoonekana. Mimi nasema anza na mbegu, na uulize swali moja tu: mbegu imekaa wapi? Jibu la swali hilo ndilo lililowafanya wataalamu waitenge mimea hii katika makundi mawili, na tofauti nyingine nyingi zinafuata hapo.

Chukua koni ya msindano iliyofungwa. Ni ngumu kama jiwe, magamba yake yameshikana kwa utomvu. Koni za aina hii zinaweza kukaa juu ya mti miaka kadhaa bila kufunguka. Kule porini kinachozifungua ni joto, hasa joto la moto unaopita. Hapa kwetu jua la Oktoba linatosha. Iweke juu ya bati tangu asubuhi, au iweke pembeni ya jiko la mkaa, umbali ambao mkono wako unaweza kuvumilia. Kaa karibu usikilize. Utaisikia inalia tak, tak, magamba yanaachana moja baada ya jingine. Wanafunzi wangu hunyamaza kimya katika dakika hizo, na nimefundisha miaka mingi bila kuona kitu kingine kinachowanyamazisha hivyo.

Ikishafunguka, ng'oa gamba moja ulitazame upande wa juu, karibu na shina lake. Utaona mbegu mbili ndogo zimelala pale, kila moja na bawa lake jembamba kama ngozi ya kitunguu. Kama zimesharuka, utaona alama mbili zilipokuwa. Pulizia mbegu moja hewani uone inavyozunguka ikishuka.

Sasa chukua ganda la kunde. Huwezi kuiona mbegu mpaka ulipasue. Lipasue kwa kufuata mshono, utaona mbegu zimepangwa mstari mmoja, kila moja imeshikwa na kikonyo kifupi, nusu zikibaki upande huu na nusu upande ule. Fanya hivyo hivyo kwa ganda la mkrismasi. Hilo litahitaji kisu na mkono wa mtu mzima, kwa maana ni gumu kama mbao na linaweza kufika nusu mita. Mpangilio ndani ni ule ule. Ganda hilo, la kunde au la mkrismasi, ni ukuta wa ovari, yaani kile chumba ndani ya ua kinachobeba mbegu changa, uliokomaa. Ndilo tunda. Msindano hauna ovari, kwa hiyo hauna tunda.

Huwa nawaambia hivi: mbegu ya msindano imekaa barazani, mbegu ya kunde imekaa chumbani na mlango umefungwa.

Hapo mwanafunzi makini ataniuliza, na kila mwaka yupo mmoja: "Mwalimu, mbona na koni ilikuwa imefungwa?" Swali zuri sana. Jibu liko nyuma, wakati koni ilipokuwa changa. Magamba yake yalikuwa wazi kidogo, na chavua iliyoletwa na upepo ilipita katikati ikatua moja kwa moja kwenye ovuli, yaani mbegu changa ambayo haijatungishwa. Baadaye ndipo magamba yakajifunga kulinda. Kwenye kunde chavua haiigusi ovuli kamwe. Inatua juu ya stigma, ile ncha ya sehemu ya kike ya ua, kisha inatuma mrija mwembamba kupita ndani ya shingo iliyo chini yake mpaka kwenye ovari. Huo ndio mlango ninaousema.

Linganisha na muda pia. Ua la kunde likichavushwa leo, baada ya wiki tatu hivi una ganda linalokauka. Koni ya msindano huchukua kama miaka miwili tangu chavua iingie hadi mbegu ziive. Kuna mwanafunzi aliyewahi kuandika "msindano ni mvivu". Nilimwekea duara jekundu. Andika muda, usiandike tabia.

Mwisho wa hatua hii, loweka mbegu usiku kucha. Asubuhi menya kunde: ngozi inatoka, zinabaki nusu mbili nene, na katikati yake kimelala kichanga cha mmea. Nusu hizo ni majani mbegu, na chakula chote kimehifadhiwa humo. Kile kidoa cheusi kinachoitwa jicho la kunde kimezunguka kovu, yaani pale mbegu iliposhikwa na ganda. Mbegu ya msindano ni ndogo mno, ikate kwa wembe kwa urefu na utumie kioo. Utaona kiini cheupe kimezunguka kiinitete chembamba kama uzi. Chakula kiko nje ya kiinitete, kimekizunguka, na mti ulikiandaa kabla hata kiinitete hakijatungwa. Kwa kiinitete hicho, majani mbegu ni zaidi ya mawili.

Ua, na kile ambacho si ua

Kunde huchanua asubuhi na mapema, na jua likipanda ua limeshafumba. Kwa hiyo vuna saa moja au saa mbili. Weka ua kwenye sahani ulivue taratibu. Petali (jani la rangi la ua) moja kubwa iko nyuma, imesimama kama bendera. Mbili ziko pembeni kama mabawa. Mbili za mwisho zimeungana chini zikafanya umbo la mtumbwi. Chana mtumbwi huo kwa ncha ya wembe. Ndani kuna stameni kumi, yaani viungo vya kiume vyenye chavua: tisa zimeungana vikonyo vyake kama ala ya kisu, ya kumi iko peke yake. Na ndani ya ala hiyo kuna kitu cha kijani, chembamba, chenye manyoya madogo mwishoni. Kipime kwa macho. Hilo ndilo ganda la wiki tatu zijazo, limeshakuwepo tayari.

Kisha ua la mkrismasi. Hapa petali ni tano zilizotengana, nne nyekundu na ya tano ina weupe au unjano wenye madoa mekundu, kana kwamba imenyunyiziwa rangi. Stameni ni kumi vilevile, lakini ndefu na huru, kila moja kivyake. Mtumbwi haupo. Nasisitiza hili kwa sababu wanafunzi wengi hukariri kwamba jamii ya mikunde ina ua la mtumbwi, wakikutana na mkrismasi au mgunga wanapotea. Mgunga una maua madogo sana yaliyojikusanya kama kitufe au kishada. Kinachowaunganisha ni ganda. Kwa ganda hilo utagundua kwamba mgunga, mkwaju, mjohoro, mninga, mpingo, karanga na mbaazi vyote ni nyumba moja. Nikiwa kijana sikuamini kwamba mkwaju ni ndugu wa karanga mpaka nilipozipasua ganda kwa ganda.

Msindano sasa. Mwishoni mwa matawi yake kwa msimu hutokea vishada vya koni dume, vidogo, vya njano. Gonga kishada juu ya karatasi nyeusi, utapata vumbi la njano jingi kuliko unavyotegemea. Kama shule yako ina hadubini, tazama punje moja: ina vifuko viwili vya hewa pembeni, vinavyoisaidia kuelea. Upepo ndio mshenga wake wa pekee, na upepo hauvutiwi na rangi, harufu wala asali. Kwa hiyo hakuna petali. Mkrismasi unajipamba kwa sababu unawaita wageni wenye macho. Kunde nayo ina nyuki wanaoitembelea, ingawa mara nyingi imeshajichavusha yenyewe kabla ua halijafunguka vizuri.

Usiandike kamwe kwamba koni ni ua la msindano. Nimeona hata watu wazima wakisema hivyo kwa urahisi wa maneno, na katika mazungumzo haina madhara. Katika kulinganisha, sentensi hiyo inafuta tofauti yenyewe unayoitafuta.

Majani, na mtego wa mvinje

Msindano: vuta tawi dogo utazame sindano zinatoka vipi. Hazitoki moja moja. Ziko katika vifungu, na kwa Pinus patula kwa kawaida ni tatu kwa kila kifungu, ndefu, zinaning'inia kama nywele. Zikusanye hizo tatu pamoja kwa vidole: zitaungana zikafanya duara kamili, kila moja ikiwa theluthi ya duara. Saipresi haina sindano. Majani yake ni magamba madogo yaliyolalia kijiti kama vigae. Mkrismasi una jani kubwa lililogawanyika mara mbili mpaka kufika vijani vidogo vingi kama unyoya, na kunde ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja.

Fanya jaribio hili la Dodoma, halitaki kifaa. Saa nne asubuhi weka juani sindano chache, jani la mkrismasi na jani la kunde. Baada ya saa moja jani la kunde limelegea kama mboga iliyosahaulika sokoni Majengo. Sindano kesho yake bado imenyooka. Ina nta nene kwa nje, na vitundu vyake vya kupumulia vimezama chini ya ngozi. Ndiyo maana msindano unaweza kubaki na majani mwaka mzima, na mkrismasi unayaacha yaanguke ili maji yasimwagike bure wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo habari aliyokosa mzee wangu mwezi wa Agosti.

Sasa mtego. Katika nyua nyingi hapa mjini kuna mti mrefu wenye majani kama sindano, unaovuma upepo ukipita, na chini yake kuna vitu vidogo vinavyofanana na koni. Watu huuleta darasani kwa furaha wakisema wamepata msindano. Ni mvinje. Chukua "sindano" moja ya mvinje uivute polepole kwa ncha zote mbili. Itakatika kwa pingili, kama muwa mdogo sana. Tazama kwa kioo pale ilipokatika: kuna meno madogo sita hadi nane yamezunguka. Meno hayo ndiyo majani. Kile ulichodhani ni jani ni kijiti. Na mvinje unatoa maua, madogo yasiyo na petali, na ile "koni" ni kusanyiko la matunda. Kwa hiyo mvinje uko upande mmoja na kunde katika mgawanyo mkubwa, japo sura yake ni ya msindano. Darasa likishashika jambo hili, nusu ya kazi yangu imekwisha, kwa sababu wameacha kuamini sura.

Kuna mtego wa upande wa pili, mdogo. Mtarakwa, mti wa koni wa asili ya milima yetu, una koni laini zenye nyama, kama matunda ya buluu. Nayo ni koni. Hakuna ovari pale.

Nenda kwa seremala

Hatua hii naipenda kuliko zote, na vitabu vingi vinaipita. Nenda kwa fundi seremala yeyote, msalimie, umwombe mabaki mawili: kipande cha paini na kipande cha mninga. Mninga ni wa jamii ya mikunde, kwa hiyo unalinganisha makundi yale yale mawili bila kukata mti wowote. Lainisha kichwa cha kila kipande kwa wembe mpya, yaani upande uliokatwa kukingama na urefu wa mbao, kisha ulowanishe kwa tone la maji.

Kwenye mninga utaona vitundu, kama vile mtu ametoboa kwa ncha ya pini. Ni mirija ya maji iliyokatwa. Kwenye paini utaona mistari ya miaka, mmoja mweupe mmoja wa kahawia, lakini vitundu vile huvioni. Msindano hupandisha maji kwa seli nyembamba ndefu zinazopokezana kupitia vishimo vya pembeni. Mirija mipana haina. Nusa pia: paini ina harufu ya tapentaini, kutokana na utomvu unaopita katika njia zake maalumu. Fundi mmoja wa Chang'ombe niliyemwonyesha haya alinyamaza kidogo, akachukua msumari, akaupiga kwenye paini ukazama kwa pigo la pili. "Mwalimu, mkono wangu ulikuwa unajua hili," akasema, "macho ndiyo yalikuwa hayajui."

Mizizi

Osha mizizi ya kunde ndani ya ndoo, usiiweke chini ya bomba. Vinundu vitaonekana, vya mviringo, ukubwa wa punje ya mtama au zaidi. Kata kimoja. Kikiwa cha waridi au chekundu kwa ndani, bakteria wake wanafanya kazi ya kuinasa naitrojeni ya hewani. Kikiwa cheupe bado ni kichanga au hakifanyi kazi. Cha kijani au kahawia kimezeeka. Mkulima wa Kongwa au Bahi anayechanganya kunde na mtama shambani analitegemea jambo hili, ajue jina lake au asijue.

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Si kila mmea wa jamii ya mikunde una vinundu. Mjohoro hauna, mkwaju hauna, na mkrismasi usiutegemee kwa somo hili. Ukiandika "mikunde yote ina vinundu" umekosea. Na mvinje, ambao si mkunde, una vinundu vyake, vya bakteria wa aina nyingine.

Msindano una washirika wengine kabisa: kuvu wanaofunika ncha za mizizi yake na kuisaidia kunyonya maji na madini. Bila kuvu hao miche hudumaa na kuwa ya njano. Ndiyo maana wenye vitalu huchukua udongo kidogo chini ya misindano mikubwa wakauchanganya na udongo wa viriba. Nami ninapoagiza koni, huagiza na kopo moja la udongo huo.

Kuandika ulichokiona

Chora mistari miwili katika daftari na uandike kila jambo likiwa na mwenzake. Ukiandika "mbegu za msindano ziko juu ya gamba la koni", upande wa pili lazima useme mbegu za kunde ziko wapi. Usiandike kwamba kunde ina maua mazuri. Nimesahihisha madaftari mengi ambayo kila upande una habari sahihi, ila habari hizo hazikutani. Linganisha koni na ganda, sindano na jani, koni dume na ua. Na kumbuka umri: mche wa kunde wa miezi miwili ukiuweka mbele ya mti wa miaka ishirini, unene wa shina hauna maana yoyote. Ndiyo sababu ya mkrismasi kuwepo. Ni mti kwa mti.

Usisahau kufanana. Yote miwili ina mizizi, shina na majani ya kweli, yote inapitisha maji na chakula kwa njia maalumu, yote inazaa kwa mbegu, na hakuna hata mmoja unaohitaji maji ya kuogelea ili mbegu ya kiume imfikie ya kike, tofauti na kangaga na ndugu zake wasio na mbegu.

Otesha zote

Chukua viriba sita. Viwili weka kunde, na zenyewe zitachomoza baada ya siku nne au tano. Viwili weka mbegu za mkrismasi, lakini kwanza zimwagie maji yaliyotoka kuchemka uziache humo mpaka kesho yake, kwa maana ngozi yake haipitishi maji. Zile zilizovimba ndizo za kupanda. Viwili weka msindano katika udongo uliochanganywa na ule wa Mafinga, chini ya kivuli, na subiri wiki mbili hadi tatu bila kukata tamaa. Jua la Dodoma litauua mche wa msindano siku moja tu ukiusahau nje.

Kunde itainua majani mbegu mawili mazito. Mkrismasi vilevile, mawili, halafu lile jani la unyoya. Msindano utachomoza umeinama, kisha utanyooka ukiwa umevaa ganda la mbegu juu kama kofia. Siku chache baadaye kofia inaanguka na sindano ndogo zinafunguka pande zote kama miale. Zihesabu uandike.

Kwa wenye vitalu wenzangu, mteja akisema mkrismasi, muulize: wa koni au wa ganda? Asipoelewa, mwonyeshe. Mimi nimeweka kopo mezani lenye koni moja na ganda moja, na kila kiriba kina kibao. Kimoja kimeandikwa: "Mkrismasi wa koni. Kijani mwaka mzima. Unataka maji." Kingine: "Mkrismasi wa ganda. Maua Novemba. Agosti utakuwa mtupu, usiukate." Ile minane iliyobaki kanisani sasa imepita paa kwa urefu, na mzee mwenyewe ndiye anayewakemea vijana wanaovunja matawi yake wakati wa kiangazi.